Alhamisi ya Dirisha la Tatu

Kijiko kiligonga kikombe mara moja, kikanyamaza ghafla kama kilichokamatwa. Kobe alifumbua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka, na upande wa pili wa kitanda shuka lilikuwa limeshakunjwa na kupoa.

Alimkuta mkewe jikoni, amevaa sare nyeupe ya kiwanda cha mikate. Alikuwa anakizungusha kikombe mkononi ili sukari iyeyuke bila kelele.

"Umeshaniamsha," alisema Kobe.

"Si mimi. Kijiko."

"Leo si zamu yako. Uliniambia utalala mpaka jua likuchome miguu."

"Namshikia mwenzangu. Mama yake kalazwa." Akajifunga kitambaa kichwani. "Nisipoingia, tanuri litawaka na hakuna wa kukanda."

"Msimamizi anajua?"

"Msimamizi anataka mikate, Baba Pacha. Mikate ikitoka, haangalii sura." Akamsogezea kikombe, chai ilikuwa ya Kobe tangu mwanzo. "Mambo haya hayaandikwi popote. Tunaombana tu. Haya, kunywa, na leo usikubali wakukimbize."

Mlango ukafungwa polepole. Siku nyingi zilizopita mkewe alikuwa ameliviringishia komeo kitambaa lisilie.

Kobe alikuwa mpelelezi wa baraza linalosimamia watumishi wa afya. Jina la Kobe alipewa na wenzake alipokuwa bado polisi, kwa sababu hakuwa akitoka chumbani kabla hajakitazama mara mbili. Siku hiyo muda wa kutazama mara mbili ulikuwa haba. Saa nane mchana kamati ya nidhamu ya hospitali ingekaa kuamua hatima ya mtoa dawa mmoja ambaye hospitali nzima, kuanzia madaktari hadi wafagizi, ilimwita Shangazi.

Majuma matatu nyuma, siku ya Alhamisi, bibi mmoja aliyekuwa amepanga foleni ya dawa tangu asubuhi alianguka na kuvunjika nyonga. Dirisha la tatu lilikuwa limefungwa. Uongozi ulisema Shangazi ndiye aliyepaswa kuwa hapo, na kwamba alilitoroka. Tangu hapo alikuwa amesimamishwa kazi. Kamati ikikubali, angepoteza kazi na leseni, katika umri ambao hakuna mtu angemwajiri tena.

Katibu wa hospitali alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na simu isiyobanduka mkononi.

"Kesi hii iko wazi kama mchana," alisema kabla Kobe hajaketi. "Ilikuwa zamu yake. Hakuwepo. Alionekana akitoka geti la nyuma, amevaa nguo za nyumbani, kikapu mkononi."

"Nani alimwona?"

"Mlinzi."

"Na nani anasema ilikuwa zamu yake?"

"Kompyuta."

"Ratiba ya zamu yenyewe iko wapi?"

Katibu alicheka kidogo. "Ratiba? Wale wa dirisha la dawa hupangana wenyewe. Wanaandika kwenye ubao mweupe, Jumapili wanafuta, wanaandika upya. Ukiwauliza, wote watakwambia Shangazi hakuwa zamu. Wanalindana. Ndiyo maana tulileta programu ya kuiga foleni. Yenyewe inajua nani anakaa dirisha gani, siku gani. Haina shangazi wala mjomba."

"Naomba kuiona."

"Utaielewa?"

"Sitaielewa. Ndiyo maana nitauliza."

Kabla ya kwenda huko, Kobe alipitia geti la nyuma. Mlinzi alisimama, akarekebisha kofia.

"Siku ile Shangazi alitoka saa ngapi?"

"Walipotoka watu wa zamu ya usiku, mzee."

"Pamoja nao?"

"Nyuma yao kidogo. Yeye kila siku huwa wa mwisho, anapita wodini kwanza kuaga wagonjwa."

"Alikuwa na haraka? Anaangalia nyuma?"

"Shangazi? Alikuwa anapiga miayo mpaka nikaambukizwa. Akanipa ndizi."

"Kwenye maelezo yako hakuna miayo."

"Hawakuniuliza miayo," alisema mlinzi. "Waliuliza kikapu."

Fundi wa programu alikuwa kijana mwembamba ambaye wote walimwita Injinia. Chumba chake kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na bado kilinukia sabuni. Alimpa Kobe kiti pekee kilichokuwepo, mwenyewe akakalia boksi.

"Hii ni hospitali ya kuigiza," alisema, akigeuza kompyuta. Kwenye kioo, vidoti vya rangi viliingia mlangoni, vikajipanga, vikasogea hadi kwenye visanduku vitatu, vikatoweka. "Vidoti ni wagonjwa. Visanduku ni madirisha ya dawa. Naiendesha saa haraka. Wiki nzima inapita kabla chai haijapoa. Hivyo tunajua foleni itakuwaje kabla haijawatesa watu wa kweli."

"Na wahudumu?"

"Nao nawawekea zamu." Alifungua jedwali lenye siku juu na saa pembeni, limejaa vipande vya rangi. "Kila kipande ni mtu na dirisha lake. Naburuta hapa zamu inapoanza, naachia hapa inapoisha. Nikishapanga wiki moja, sina haja ya kupanga mwaka mzima. Nabonyeza hiki."

Kitufe kilikuwa na maneno matatu: Rudia kila wiki.

"Inaichukua wiki hiyo," alisema Injinia kwa fahari kidogo, "inairudia hadi nichoke mimi. Yenyewe haichoki."

"Na wiki yenyewe uliitoa wapi?"

"Kwa macho yangu. Nilikaa pale na saa yangu, nikaandika nani yuko wapi, na kila mgonjwa anachukua muda gani dirishani. Sikumkisia mtu."

"Wiki ngapi?"

"Moja. Uongozi ulitaka majibu upesi."

Kobe aliinama, mikono nyuma, akalitazama jedwali kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akaanza upya. Injinia alisubiri, akafuta miwani, akasubiri tena.

"Dirisha la tatu hufunguliwa mchana," alisema Kobe hatimaye.

"Ndiyo. Siku zote mchana."

"Isipokuwa hapa."

Kipande kimoja cha kijani kilisimama peke yake upande wa asubuhi, kama mgeni aliyefika kabla ya siku aliyoalikwa.

"Alhamisi," alisema Injinia. "Huyo ni Shangazi. Nilimwona. Alihudumia mpaka adhuhuri."

"Na usiku wa kuamkia hiyo Alhamisi, alikuwa wapi?"

Injinia alishuka na kidole juu ya jedwali. Kidole kikasimama. "Zamu ya usiku. Dirisha la kwanza."

"Akatoka hapo, akaunganisha na asubuhi?"

"Inaonekana hivyo. Mimi niliandika nilichokiona."

"Huwa anafanya hivyo kila wiki?"

"Programu inasema kila wiki."

"Sikuiuliza programu."

Kobe akaonyesha safu nyingine. "Na hizi namba za dirisha la pili, mbona ndefu?"

"Ni muda wa kumhudumia mgonjwa mmoja. Yule dada ni mzito kidogo. Anachukua karibu mara mbili ya wenzake." Akajikosoa haraka: "Tuseme mpole."

"Mkishajua haya yote, mliyafanyia nini?"

"Tuliona Alhamisi asubuhi kuna madirisha matatu, na foleni ni fupi. Nikapendekeza kliniki ya wazee wa presha na sukari ihamishiwe siku hiyo, wasisimame sana." Injinia aliivua miwani tena, ingawa ilikuwa safi. "Nilifikiri nawasaidia. Alhamisi ya kwanza ya mabadiliko ndiyo aliyoanguka yule bibi. Nina bibi yangu nyumbani, mzee. Anakunywa dawa hizohizo."

"Usitoke hapa," alimwambia Kobe kwa upole. "Nitakuhitaji."

Siku hiyo nayo ilikuwa Alhamisi. Foleni ya dawa ilikuwa imetoka mlangoni na kuifuata veranda hadi kwenye bomba la maji. Wazee walikaa kwenye mabenchi, wengine juu ya kandambili zao. Madirisha mawili yalikuwa wazi. Nyuma ya la tatu yalipangwa maboksi ya chupa za maji ya dripu, na ubavuni mwa boksi la chini kabisa vumbi lilikuwa limeganda kwenye gundi. Watu hawakuwa wakiyasogeza maboksi hayo asubuhi. Mchana mhudumu wa dirisha hilo alijibana pembeni yake.

Kobe aliomba kona ya kusimama. Dirisha la pili alikuwepo mtoa dawa kijana waliyemwita Kipusa, na Kobe alimtazama kwa muda mrefu. Alihesabu vidonge upesi, akafunga, akaandika, akainua macho kwa kila mgonjwa.

"Babu, hii ya asubuhi, hii ya jioni. Usizikutanishe, hazisalimiani."

"Kama mimi na shemeji yangu," alijibu babu, na benchi zima likacheka.

Kobe aliangalia saa yake mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Huyu hakuwa mzito hata kidogo.

Kisha ikaja chupa yenye kifuniko kigumu. Kipusa aliibana chini ya kwapa la kushoto, akaifungua kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, umetulia juu ya meza, hauna kazi.

Alipotoka kunywa maji, Kobe alikuwa amesimama karibu na mtungi.

"Mkono wako wa kushoto ulipona lini?"

Kikombe kilimponyoka Kipusa. "Mkono gani, afande?"

"Nilishaacha uafande. Chupa ngumu unaibana kwapani. Hayo ni mazoea ya mtu aliyewahi kuumwa mkono. Na wiki ile kijana alipokuja na saa yake, ulikuwa unachukua mara mbili ya muda unaochukua leo."

Kipusa aliangalia mlango, kisha ukuta, kisha viatu vyake.

"Niliteleza bafuni," alisema. "Kifundo kikateguka. Mimi ni wa mkataba, mzee, na ulikuwa unaisha mwezi uleule. Sisi wa mkataba tukiugua, tunaambiwa tukapumzike, na kupumzika kwenyewe hakuna mwisho. Nikaja hivyohivyo, nimeufunika kwa sweta. Foleni ikanizidi. Kila kifuniko nilikuwa naona nyota."

"Na Shangazi?"

"Alikuwa anatoka usiku, mkoba begani. Akanitazama mara moja tu. Akautua mkoba, akasogeza maboksi, akafungua la tatu. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, 'Wenye karatasi fupi wahudumie wewe. Wenye ndefu walete kwangu.'"

"Ilikuwa mara ngapi?"

"Ileile moja. Jioni alinifunga bandeji mwenyewe, na kuanzia kesho yake nikawa namudu, polepole."

"Kwa nini hukusema?"

"Alinikataza!" Machozi yalishamfika kidevuni. "Alisema nikifungua mdomo tutaondoka wawili, na yeye hana watoto wa kusomesha, mimi ninao. Mzee, tangu hapo chakula hakipiti."

"Uko tayari kuyasema haya mbele ya Katibu?"

Kipusa alijipangusa kwa kiganja.

"Niko tayari."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, mapema kuliko alivyoitwa. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya mikono. Alimsogelea mgonjwa mmoja aliyepotea njia, akamwelekeza maabara, akarudi kukaa.

"Shangazi," alisema Kobe, "kwa nini hukujitetea?"

"Nimejitetea, baba. Nimesema sikuwa zamu."

"Alhamisi ile nyingine ulikuwepo. Ile ya kijana mwenye saa."

Shangazi alinyoosha sketi yake magotini. "Kuna sheria kwamba mtu wa usiku asiguse dawa asubuhi. Ni sheria nzuri, usingizi unaweza kuua mtu. Niliivunja. Wakitaka kuniadhibu kwa hilo, waniadhibu. Ila mtoto wa watu msimtaje."

"Ameshajitaja mwenyewe."

Shangazi alifumba macho. "Mjinga yule," alisema, kwa sauti ambayo mtu humwitia mwanawe aje kula.

Katibu aliingia stoo ya zamani ya mashuka akiwa bado na simu sikioni. "Nina dakika kumi tu."

"Zinatosha," alisema Kobe. "Injinia, kile kipande cha kijani cha Alhamisi asubuhi, kiondoe. Muda wa dirisha la pili ulinganishe na wa wenzake. Kingine chochote usiguse. Kliniki ya wazee iache hapohapo."

Injinia alikibofya kipande, kikatoweka, akapunguza namba za dirisha la pili. Akaiendesha Alhamisi.

Vidoti viliingia. Mwanzoni vilisogea vizuri. Kisha vikaanza kurundikana mbele ya visanduku viwili. Vikajaza chumba, vikatoka mlangoni, vikajipanga mstari mrefu uliokunja kona. Katibu alishusha simu.

"Simamisha hapo," alisema Kobe. Akaenda kufungua pazia la dirisha. "Sasa tazameni huku."

Kutoka pale waliiona veranda. Foleni ilitoka mlangoni, ikakunja kona, ikaishia kwenye bomba la maji. Katibu alitazama kioo cha kompyuta, akatazama nje, akarudia.

"Ni ileile," alinong'ona Injinia.

"Mnaweza kusema foleni ya leo ni ndefu kwa sababu Shangazi amesimamishwa," alisema Kobe. "Lakini dirisha la tatu halijawahi kufunguliwa Alhamisi asubuhi, isipokuwa mara moja. Siku hiyo mwenzake alikuwa ameumia, Shangazi akabaki kumsaidia baada ya kukesha. Kijana huyu aliandika alichokiona, na aliandika sawasawa. Kisha akabonyeza kile kitufe. Tangu hapo, hisani ya asubuhi moja ikawa zamu ya kila wiki. Mkaihamishia kliniki nzima kwenye dirisha ambalo halipo. Na foleni ilipofurika, mkamtafuta mtu aliyetoroka. Hakuna aliyetoroka. Siku aliyoonekana getini alikuwa anakwenda kulala."

Kipusa, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliyasema ya kwake kwa maneno machache.

Katibu alikaa kwenye boksi la Injinia. Simu iliita, hakuipokea.

"Wiki moja nilimpa mimi," alisema. "Aliomba sita."

Baadaye kidogo Katibu alisimama, akamwagiza mfamasia wa wodi ateremke mara moja kushika dirisha la tatu, kisha akashuka mwenyewe. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, na wazee kwenye foleni wakamwona Katibu wa hospitali akibeba maboksi ya dripu, Injinia nyuma yake na mengine mawili. Dirisha la tatu likafunguka kwa mlio mkali. Foleni ikagawanyika, ikaanza kutembea.

"Mzee," Injinia alimuuliza Kobe huku akihema, "ile asubuhi ya Shangazi nikiirudisha kwenye programu, niiweke vipi? Ilitokea kweli. Sitaki kuifuta."

"Hakuna mahali pa kitu kinachotokea mara moja?"

"Pako. Siku za pekee. Sikuwahi kupahitaji."

"Patumie leo. Na hizo wiki sita, kaa nazo zote."

Kamati ilikaa saa nane, na haikukaa muda mrefu. Kosa la kutoroka zamu lilifutwa. Kwa kugusa dawa baada ya kukesha, Shangazi alipewa onyo la mdomo, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa zawadi. Kliniki ya wazee ilirudishwa kwenye siku yake ya zamani. Suala la mkataba wa Kipusa liliahirishwa hadi kikao kijacho. Katibu alijitolea kuliwasilisha yeye mwenyewe, na Kobe aliandika ahadi hiyo kwenye taarifa yake, neno kwa neno, mbele ya mwenye ahadi.

Kilichobaki kilikuwa kumjulisha mlalamikaji. Bibi aliyevunjika nyonga alikuwa wodini, kitanda cha dirishani, mguu umeinuliwa kwa mito. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka.

"Wewe ndiye Kobe?" alisema. "Mbona umekuja mbio?"

"Leo nilichelewa kwingine kote, Bibi. Hapa sikutaka." Kobe akavuta kiti. "Umependeza. Nani kakusuka?"

"Shangazi. Tangu walipomsimamisha kazi, kila saa ya wageni yuko hapa. Mwanangu yuko safarini, wakwe zangu wako mbali. Angekuwa hayupo, ningekuwa nazungumza na mto."

"Anajua malalamiko yana jina lako?"

"Nilimwambia siku ya kwanza. Nikamwambia, binti yangu, mwanangu aliandika kwa hasira, akaweka jina langu. Nilikuwa nalia. Unajua alijibuje? Alisema, 'Geuza kichwa huku, Bibi, upande huu sijamaliza.'"

Kobe alimweleza kila kitu, polepole: mkono ulioteguka, kijana na saa yake, kipande cha kijani, na kitufe. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, akiupapasa msuko mmoja kwa kidole.

"Kwa hiyo kazi yake amerudishiwa?"

"Kesho asubuhi yuko dirishani."

"Kesho asubuhi," alirudia Bibi. Akatabasamu kwa dari. Kisha tabasamu likapungua. "Basi saa ya wageni hatakuwa anakuja tena."

Kobe aliangalia mito, sahani iliyofunikwa, kiti kilichokuwa kitupu kabla hajakikalia. Akainuka.

"Unaondoka?" Bibi alimshika mkono wa koti. "Sikiliza, mwanangu. Alhamisi ijayo njoo tena. Mlete na yule kijana wa kompyuta, nimwone kama anakula. Mwambie aniandike kwenye hiyo mashine yake: jioni, kitanda cha dirishani."

"Kwenye siku za pekee, Bibi?"

"Wewe nawe!" alisema Bibi, bado amemshikilia. "Abonyeze kile cha kurudia."